Bibi wa Chumvi na maswali yenu mengine

Nilidokeza hapa kwamba naandika hadithi ya kisiwa chenye dini yake, na anayeabudiwa ni mwanamke. Kumbe wenzangu wengi mna miungu yenu kwenye madaftari. Haya ni baadhi ya maswali.

Nabuni dini ya mungu wa kike kwa ajili ya riwaya. Tayari nina jina lake, wazazi wake na vita alivyopigana. Kifuate nini? (Msomaji, Tanga)

Lifunge kwanza hilo daftari. Nami nilianza hivyohivyo: kurasa tisa za nasaba, mungu na mashangazi zake wote, nikampa rafiki yangu asome. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Sasa siku yake hawa watu wanapika nini?" Nikabaki kimya. Nilimjua aliyemzaa mungu, ila sikujua waumini wake wakiamka asubuhi wanafanya nini.

Anza na mikono ya waumini. Kule Ise, Japani, kuna hekalu la Amaterasu, mungu wa kike wa jua. Kila baada ya miaka 20 hujengwa jipya kwa mbao mpya, kwenye kiwanja cha jirani, kisha la zamani hubomolewa. Mara ya mwisho ilikuwa 2013. Piga hesabu: seremala aliyeshika randa akiwa kijana wa kutumwa ataijenga nyumba ya mungu tena akiwa na watoto, na zamu ya tatu atakuwa mzee wa kukaa pembeni na kukemea vijana. Riwaya nzima imo humo, na mungu hajatamka neno.

Watu wa kisiwa changu huanika maji ya bahari wapate chumvi. Kinachowakosesha usingizi ni mvua ya ghafla, ile inayoyeyusha kazi ya wiki kwa dakika kumi. Basi mungu wao ni mwenye ukavu, wanamwita Bibi wa Chumvi. Siku yake chakula chote hupikwa bila chumvi, watoto wakanuna, na mpishi akionja mchuzi husema:

*Bibi wa maji makali,*
*kilichokauka ni chako,*
*tuachie cha kuonjea.*

Mistari mitatu hiyo ilinifaa kuliko zile kurasa tisa.

Kiswahili hakitofautishi "yeye" wa kike na wa kiume. Nitamkumbushaje msomaji kwamba huyu ni mwanamke bila kuandika "mungu wa kike" kila mstari? (Msomaji, Nakuru)

Usiandike kila mstari, inachosha. Isitoshe, umepewa zawadi halafu unataka kuirudisha. "Alishuka, akaketi, akanawa mikono." Nani? Msomaji hajui. Unaweza kumbeba mpaka sura ya tano akidhani ni mwanamume, kwa sababu ya mazoea yake mwenyewe, kisha mtoto mdogo amwite mungu "nyanya" na kila kitu kigeuke. Kuna lugha ambazo mwandishi wake hupata tabu kubwa kuficha jambo hilo hata kwa ukurasa mmoja.

Ukitaka lijulikane mapema, tumia vyeo. Mama, Bibi, Bi Mkubwa. Pwani kuna "Mwana", neno la heshima kwa mwanamke: Mwana Mkisi anayesimuliwa kuwa malkia wa kale wa Mombasa, Mwana Kupona aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858. Mwana Fulani akiwa mungu, msomaji wa Lamu hatauliza jinsia yake.

Anayeabudiwa akiwa mwanamke, si lazima wanawake ndio watawale? (Msomaji, Bujumbura)

Hata. Athens ya kale, mji wa Wagiriki, ilikuwa chini ya ulinzi wa mungu wa kike Athena, na mwanamke wa Athens hakuwa na kura kwenye baraza. Wafalme wa Japani huhesabiwa kuwa wa uzao wa Amaterasu, lakini sheria ya sasa hairithishi kiti kwa binti.

Lakini kuna mfano wa karibu nawe unaoelekea kwingine. Nyabingi, roho ya kike iliyoheshimiwa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, na kaskazini mwa Rwanda, ilisema kupitia watu, wengi wao wanawake. Muhumuza alikuwa mmoja wa wanawake hao. Alikusanya wafuasi dhidi ya wakoloni, Waingereza wakamkamata mwaka 1911, wakamweka Kampala mpaka alipofariki mwaka 1945. Miaka zaidi ya thelathini! Mtu hafungwi muda wote huo kama neno lake halina uzito. Kwa hiyo swali la kumuuliza mungu wako si la jinsia. Ni hili: anaposema, anasema kwa kinywa cha nani, na ufunguo wa hekalu analala nao nani?

Ahusike na uzazi na mwezi? (Msomaji, Dodoma)

Tafadhali, hapana. Wamisri walikuwa na Sekhmet mwenye kichwa cha simba jike, aliyeleta maradhi na pia akayaponya. Alitumwa kuadhibu wanadamu, akanogewa na damu, ikabidi wammwagie pombe iliyotiwa rangi nyekundu. Akainywa akidhani ni damu, akalewa, watu wakapona. Mungu anayeponzwa na kiu yake ana kisa. Mwenye mwezi kichwani ana pambo tu.

Dini yangu inahitaji kitabu kitakatifu? (Msomaji, Muscat)

Kitabu kizima utakichoka wewe kabla ya msomaji. Andika vipande, na ikibidi kimoja kiwe na malalamiko. Mwandishi wa kale kabisa tunayemjua kwa jina ni Enheduanna, kuhani wa kike wa mji wa Uru, katika Iraki ya leo, yapata miaka 2,300 kabla ya Kristo. Katika utenzi unaohusishwa naye kwa mungu wa kike Inanna, sifa zinachanganyika na kilio chake cha kufukuzwa hekaluni.

Kwangu mimi kipande hicho kimechongwa juu ya mlango wa ghala la chumvi. Nusu yake imelika kwa unyevu, na wazee wa kisiwa hawakubaliani neno la mwisho lilikuwa "tusamehe" au "tulipe".