Meneja wa kwanza mweusi ni Frank Robinson, siyo Jackie

Kuna wanaodhani Jackie Robinson ndiye meneja (yaani kocha mkuu) wa kwanza mweusi kwenye ligi kuu ya besiboli Marekani. Hapana, hakuwahi kuwa meneja kwenye ligi hiyo. Yeye aliwafungulia weusi mlango wa ligi kuu kama mchezaji, mwaka 1947. Meneja wa kwanza mweusi ni Frank Robinson, timu ya Cleveland, 1975, na hawana undugu wowote, ni jina tu limegongana.

Frank alikuwa meneja huku bado anacheza. Tarehe 8 Aprili 1975, mechi yake ya kwanza, dhidi ya timu ya Yankees, alijipanga mwenyewe kwenye orodha ya wapigaji, na zamu yake ya kwanza kabisa akaupiga mpira ukavuka uzio! Cleveland wakashinda 5-3. Mjane wa Jackie, Rachel, ndiye aliyerusha mpira wa ufunguzi siku hiyo. Jackie mwenyewe alifariki Oktoba 1972, siku chache tu baada ya kusema hadharani kwamba anatamani kumwona mweusi akiongoza timu. Inaniuma kila nikikumbuka.

Ila tuelewane: nazungumzia ligi kuu. Kwenye ligi za weusi, zile za enzi walipozuiwa kucheza ligi kuu, mameneja weusi walikuwepo miaka mingi kabla, mfano Buck O'Neil wa Kansas City Monarchs.