Waliohama bila kuaga: kwa ninyi mnaoanza kazi ya takwimu Goma

Ninyi mnaoanza kazi ya takwimu za afya hapa Goma, mtafundishwa mapema kuhesabu vifo. Kuhesabu walio hai huchelewa kufundishwa, na huko ndiko hesabu nyingi zinakoharibikia.

Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika 1984. Tangu hapo, idadi ya watu wa eneo la afya hupatikana kwa kuongeza asilimia fulani kila mwaka juu ya tarakimu ya zamani, au kwa wahudumu wa afya wa jamii kupita nyumba kwa nyumba. Anayezaliwa huongezwa. Anayekufa huondolewa, kama habari imefika. Anayehama hapiti ofisini kuaga. Familia iliyokimbia vita vya Januari 2025 na kufika Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, imeandikwa huko, na huku bado imo kwenye daftari la shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa.

Tuseme eneo lina watu 20,000 kwenye karatasi, na katika siku 30 wamekufa 48. Hivyo ni vifo 0.8 kwa watu 10,000 kwa siku. Sasa toeni watu 4,000 waliokwisha kuondoka. Vifo ni vilevile 48, lakini kiwango kimefika 1, yaani mpaka ambao mashirika ya misaada huuhesabu kuwa dharura. Jambo hili linaniuma: watu waliobaki wanafiwa, na karatasi inasema hali si mbaya kiasi hicho.

Hata wenye madaftari mazuri hawakupona. Ujerumani huandikisha wakazi wake wote, lakini sensa ya 2011 ilikuta watu pungufu kwa takriban milioni 1.5, wengi wao wageni waliokuwa wamerudi kwao. Kwenye daftari wazee wa namna hiyo huendelea kuongezeka umri bila kufa, kwa kuwa kifo chao kimeandikwa nchi nyingine, na wageni wanaonekana wanaishi maisha marefu kupita kiasi.

Kosa laweza pia kuelekea upande wa pili. Aliyehamia Kampala akiugua sana hurudi kufia kwao, na kifo kinaandikwa Goma ilhali yeye hakuwa kwenye hesabu ya wakazi. Kibaya zaidi, na hapa kiwango hushuka tena, ni nyumba iliyofiwa na baba: mama anafunga mizigo, anapeleka watoto kwa wajomba. Mkifika na dodoso mnakuta kufuli, na kifo kile hakiandikwi popote.

Kwa hiyo mkikuta kufuli, msiandike "hakuna mtu" mkapita. Ulizeni jirani, au mama anayeuza makala (mkaa) pale kwenye kona: walikuwa wangapi, wameondoka mwezi gani, kuna aliyefariki kabla hawajaondoka? Mwezi ni muhimu, kwani aliyekaa nusu ya kipindi huhesabiwa kwa nusu hiyo tu. Ila msiulize wamekwenda wapi. Hapa kwetu swali hilo linatisha watu, na wakishaogopa hawatawajibu hata mengine.

Mkirudi, linganisheni na chanjo. Kituo kikichanja kila mtoto anayeonekana mtaani na bado asilimia iko chini, huenda watoto wa kwenye karatasi hawapo tena. Na mnapoandika ripoti, idadi ya nyumba zilizofungwa ikae ukurasa uleule wenye kiwango cha vifo, isiachwe kwenye kiambatisho.