Fainali ya tenisi ya wanawake: usiulize nani bora, uliza nani anamsumbua nani

Mkuu uliyeanzisha uzi, umeuliza mtu anatabirije fainali ya wanawake, maana wewe kila mwaka unamchagua aliye juu kwenye orodha ya ubora na mara nyingi unaambulia patupu. Nitajibu kwa kirefu. Kosa hilo nimelifanya miaka mingi, na huu ni mchezo nilioukulia.

Nilianza kuokota mipira kwenye klabu moja hapa Dar nikiwa darasa la tano. Baadaye, mkono ulipokaa sawa, nikawa nachezeshana na wanachama waliokosa wenza, nalipwa kwa saa. Pale klabuni kulikuwa na mama mmoja mwenye fohendi ya kutisha, yaani pigo la upande wa mkono anaoshikia raketi. Ukimwekea mpira usawa wa kiuno, umekwisha. Aliwafunga karibu wote, wakiwemo wanaume. Lakini miaka mitatu mfululizo, kwenye fainali ya wanawake ya klabu, alikutana na dada mmoja mwembamba, mwalimu wa shule ya msingi, na mara zote tatu nilimwona mama akipoteza. Yule dada hakuwa na nguvu. Alikuwa na bekhendi ya kukata, pigo la upande wa pili wa mwili: raketi inapita chini ya mpira kama kisu kinachomenya embe, mpira unavuka wavu taratibu, ukigusa chini haunyanyuki, unateleza usawa wa kifundo cha mguu. Mama alikuwa mrefu na magoti yalishaanza kumchosha. Mpaka ainame, amechelewa. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kwenye nguzo ya wavu, na mipira niliyookota siku hizo ilikuwa karibu yote upande wake.

Ukiuliza nani mchezaji bora wa klabu, kila mtu angekutajia mama. Ukiuliza nani anashinda fainali, jibu lilikuwa jingine kabisa. Orodha ya ubora inakuambia mtu amewafanyia nini wachezaji wote kwa mwaka mzima. Fainali ni watu wawili tu.

Somo hilo nililisahau mwaka 2023 kwa sababu ya mapenzi. Ons Jabeur wa Tunisia alikuwa ameingia fainali ya Wimbledon, yale mashindano makubwa ya London, kwa mwaka wa pili mfululizo. Mwaka 2022 alishinda seti ya kwanza dhidi ya Elena Rybakina kisha akapoteza 6-3, 2-6, 2-6. Safari hii alikuja amewatoa Kvitova, Rybakina mwenyewe, na Sabalenka. Binti wa Afrika, anacheza kwa akili, anacheka na watu. Mpinzani wake alikuwa Marketa Vondrousova, namba 42 duniani, hakuwamo hata kati ya wale bora ambao mashindano huwapangia namba ili wasikutane mapema. Nikaweka mkeka wa shilingi elfu sitini kwa Jabeur na nikaitisha ndugu tuangalie pamoja.

Nilichokuwa sijakifungua ni matokeo ya wao kwa wao. Mwaka huohuo walikuwa wameshakutana mara mbili, Melbourne na Indian Wells, na mara zote mbili Vondrousova alishinda. Ukitazama mchezo wake unaelewa sababu. Ni mashoto, anarudisha karibu kila kitu, na hampi mwenzake mwendo wa kuutumia. Jabeur anaishi kwa ufundi wa kudondosha mpira karibu na wavu na kubadilisha kasi, lakini ufundi huohuo Vondrousova anao, na miguu ya kuufikia anayo. Jabeur aliongoza 4-2 seti ya kwanza, akaongoza 3-1 ya pili, akapoteza 4-6, 4-6. Makosa ya kujitakia, yaani mipira ambayo mtu anaiharibu mwenyewe bila kubanwa, yalikuwa 31 kwake na 13 kwa mwenzake. Vondrousova akawa mwanamke wa kwanza asiyepangiwa namba kutwaa Wimbledon tangu enzi ya wazi ilipoanza mwaka 1968, wachezaji wa kulipwa waliporuhusiwa kucheza pamoja na wa ridhaa. Sebuleni kwangu hakuna aliyesema kitu mpaka Jabeur alipomaliza kuongea huku analia. Iliniuma kwa ajili yake kuliko ile pesa.

Sasa usikimbilie kusema basi nitaangalia tu wamekutana mara ngapi. Mwaka 2019, kabla ya fainali ya Wimbledon, Serena Williams alikuwa amemshinda Simona Halep mara tisa kati ya kumi. Halep akashinda 6-2, 6-2 ndani ya dakika 56, akiwa na makosa ya kujitakia matatu tu mechi nzima. Matatu! Rekodi ile ilikuwa na mechi nyingi za zamani, za Serena wa kabla ya kujifungua, mwenye kasi nyingine kabisa. Kwa hiyo mechi ya miezi sita iliyopita kwenye uwanja wa aina ileile ina uzito kuliko tano za miaka mitano iliyopita.

Kitu cha pili ninachokiangalia, na hiki ndicho ninachokiamini zaidi, ni servisi ya pili. Servisi ni ule mpira wa kuanzisha pointi, na mchezaji anapewa nafasi mbili. Watu wanaangalia ile ya kwanza kwa sababu ni ya kasi na inapigiwa makofi. Ikishindikana, mchezaji analazimika kuingiza ya pili kwa usalama, hivyo anapunguza kasi na kuuzungusha mpira zaidi. Hapo mrudishaji anasogea hatua mbili mbele. Kwa wanawake servisi huvunjwa, yaani mrudishaji anachukua gemu, mara nyingi kuliko kwa wanaume, ndiyo maana mtu anaweza kuwa na servisi ya kwanza ya kutisha na bado akapoteza gemu nne kwenye seti. Nikiwa naangalia nusu fainali, natazama mkono unaorusha mpira juu. Mpira ukianza kurushwa mfupi, au mchezaji akaudaka na kurusha upya mara mbili tatu, najua kichwani kuna mzigo. Natazama pia mpinzani anasimama wapi akisubiri servisi ya pili. Akisimama ndani ya mstari bila woga, ujue ameshaisoma.

Kuna mtego wa nusu fainali pia. Aliyemwangusha namba moja anaonekana hazuiliki, na sote tunamkimbilia. Roberta Vinci alimtoa Serena New York mwaka 2015, Serena akiwa anasaka mataji yote manne makubwa ya mwaka: Melbourne, Paris, Wimbledon na New York. Fainali akapoteza kwa Flavia Pennetta 6-7, 2-6. Julai 2025, Amanda Anisimova alimtoa Sabalenka, namba moja wa wakati huo, kwa seti tatu kwenye joto la London, mechi ya zaidi ya saa mbili na nusu, siku mbili baadaye akakutana na Iga Swiatek. Anisimova hakuwahi kucheza fainali kubwa. Swiatek alishacheza tano na kushinda zote, na nusu fainali yake alimaliza 6-2, 6-0 bila kutoka jasho jingi. Nilimpa Swiatek nafasi kubwa. Lakini 6-0, 6-0 kwa dakika 57? Hilo halikuwa kwenye daftari la mtu yeyote. Kwa wanawake pale Wimbledon, fainali kama hiyo ilikuwa haijaonekana tangu mwaka 1911. Gemu ya kwanza tu miguu ya Anisimova ilikuwa mizito, na kila aliposhika mpira wa kuanzisha alionekana anapumua kwa shida. Sidhani kama kuna hesabu ya kukuonyesha hilo mapema.

Na usiugeuze mtego huo kuwa sheria. Januari mwaka huohuo Madison Keys alimtoa Swiatek kwenye nusu fainali ya Melbourne baada ya kuokoa pointi ya kufungwa mechi, kisha akamfunga na Sabalenka fainali, 6-3, 2-6, 7-5. Agosti, kule Montreal, Victoria Mboko, binti wa miaka 18 ambaye wazazi wake wametoka Kongo, alikuwa namba 85 duniani. Alimtoa Rybakina nusu fainali naye akiwa ameokoa pointi ya kufungwa mechi, akaanguka na kuumia kifundo cha mkono, akarudi usiku uliofuata kumfunga Naomi Osaka 2-6, 6-4, 6-1. Huyu Mboko ndiye aliyekuwa upande wa pili wa wavu mwaka 2022, Mkenya Angella Okutoyi na Mholanzi Rose Marie Nijkamp walipotwaa Wimbledon ya wasichana kwa wachezaji wawili wawili. Pointi za kuamua mshindi, zilizochezwa badala ya seti ya tatu, ziliisha 11-9. Mpira mmoja ukigusa utepe wa wavu na kurudi ndani, Okutoyi anaondoka bila kombe na historia ya Kenya inasomeka tofauti.

Hali ya hewa usiipuuze. Fainali ya Paris 2025 ilichezwa kwenye upepo mkali. Sabalenka anapiga kwa nguvu na mipira yake inapita karibu sana na wavu. Coco Gauff anakimbia, anauinua mpira na kuurudisha. Kwenye upepo, anayetafuta mistari ndiye anayeumia: Sabalenka alifanya makosa ya kujitakia 70, akapoteza 7-6, 2-6, 4-6. Mimi asubuhi ile nilikuwa nimeandika Sabalenka, na sikuwa nimeangalia utabiri wa hali ya hewa ya Paris.

Siku hizi siandiki jina, naandika asilimia. Ikinipeleka zaidi ya 70 kwa mmoja, najiuliza upya nimeona nini, kwa sababu seti tatu ni fupi na watu wote wawili wameshinda mechi sita kufika pale. Mkeka nimeacha tangu ile ya Jabeur. Nilipoacha nikaanza kuona mechi yenyewe, zikiwemo servisi za pili nilizokuwa nazipita kwa sababu macho yalikuwa kwenye matokeo tu.

Na kama unadhani ile 6-0, 6-0 ilimaliza ubishi kati ya wale wawili: haikupita hata miezi miwili, wakakutana tena New York kwenye robo fainali. Ukiangalia matokeo yao peke yake, ungeweka kila kitu kwa Swiatek. Anisimova alisogea mbele, akawa anarudisha kwa nguvu, akashinda 6-4, 6-3. Kisha kwenye fainali akapoteza kwa Sabalenka, yuleyule ambaye yeye Anisimova alimtoa London.

Fainali ijayo ikifika, weka hapa majina mawili, walikutana lini mara ya mwisho na kwenye uwanja gani, na nusu fainali zao zilichukua muda gani. Nitaandika asilimia zangu hapahapa kabla mpira wa kwanza haujarushwa.