Jibu: Sina uhakika na imani, naweza kujiunga na ushirika UDOM?

Mdogo wangu, umeuliza kama mtu mwenye mashaka anaruhusiwa kwenye ushirika wa wanafunzi Wakristo hapo UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma. Anaruhusiwa kabisa. Tomaso, mwanafunzi wa Yesu, naye alitilia shaka, na wenzake hawakumfukuza. Vyama vya wanafunzi Wakristo ni kadhaa: TAFES inachanganya wanafunzi wa madhehebu mbalimbali. TMCS ni ya Wakatoliki, CASFETA ya Wapentekoste, TUCASA ya Wasabato. Ila kwa maswali kama yako usiishie kwenye ibada kubwa. Kwaya ikiimba na vyombo vikipigwa, nani atakusikia? Tafuta kikundi kidogo cha kujifunza Biblia, muanze na Injili ya Marko: sura 16 tu, fupi kuliko zile nyingine tatu. Uliza hata lile unaloliogopa. Kiongozi akikukemea kwa kuuliza, tafuta kikundi kingine, wapo wengi wenye subira. Na siku ya kwanza waambie wazi kwamba bado unatafuta.