Skye na Hebrides kwa gari: anza na feri, chumba baadaye

Anayepanga kuzunguka visiwa vya Skye na Hebrides za Nje, kaskazini-magharibi mwa Uskoti, kwa kawaida huanza kutafuta chumba. Anza na nafasi ya gari kwenye feri za CalMac, kampuni inayohudumia visiwa hivyo. Abiria wa miguu hupata nafasi kwa urahisi. Za magari huisha mapema kiangazi, na ukiikosa moja tu, mpango wote unavurugika.

Mzunguko unaofaa ni huu: Inverness hadi Uig, kaskazini mwa Skye, kiasi cha kilomita 200 (daraja la Skye halitozwi tangu 2004). Feri hadi Tarbert, huko Harris kwenye Hebrides za Nje, chini ya saa mbili. Gari hadi Stornoway, huko Lewis, mwendo wa saa moja. Kisha feri hadi Ullapool, bara, karibu saa tatu. Tenga siku sita, moja ikiwa ya akiba, maana upepo ukichafuka feri hazitoki; usikate tiketi ya ndege ya siku ileile unayoshuka Ullapool. Lewis na Harris huheshimu sana Jumapili, na milango mingi hufungwa. Jaza tangi na kapu Jumamosi.

Dereva wa Dar au Nairobi ana nafuu: kule nako hushika kushoto. Kazi iko kwenye barabara nyembamba za gari moja, zenye vituo vya kupishana. Kituo kikiwa kushoto kwako, ingia. Kikiwa kulia, simama upande wako mkabala nacho, anayekuja akuzunguke kwa kupitia humo. Usivuke kwenda kulia hata kama ni kitupu. Gari likikuganda nyuma, lipishe. Wenyeji wanawahi kazini. Na usiegeshe kwenye vituo hivyo kupiga picha, tafadhali.

Ukilala kwenye hema, adui ni usubi, hasa Juni hadi Agosti, alfajiri na jioni pasipo upepo. Hawaruki vizuri upepo ukifika kilomita 10 kwa saa, basi piga hema penye upepo mwepesi, mbali na vijito na vichaka, na ubebe chandarua cha kichwa.

Milimani, suruali ya jinzi iache: ikilowa haikauki. Cuillin, milima ya huko Skye, ina miamba yenye sumaku inayopotosha dira, na ukungu hushuka ghafla. Ukipoteza alama za njia mapema, geuka ungali unaijua uliyopandia.