Tetemeko la ardhi nani alilichagua?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Ninafundisha darasa la vijana kanisani. Tulipofika kwenye mada ya mateso niliwajibu kama nilivyofundishwa: Mungu alimpa mwanadamu hiari, mwanadamu akaitumia vibaya. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Hiyo inaeleza vita na wizi. Tetemeko la ardhi linaloua mtoto mchanga, nani alilichagua?" Nikakosa la kusema. Mwingine akadakia kwamba ni adhabu, kama Sodoma. Niwajibu nini? Na yumo mmoja darasani aliyefiwa na mama yake kwenye mafuriko. Yeye nimwambie nini?

JIBU: Amina, mwalimu. Kijana wako ameona ufa wa kweli katika hoja, usimnyamazishe. Hoja ya hiari hujibu vizuri ubaya unaotendwa na watu. Kwenye tetemeko inafika nusu ya njia tu.

Nusu hiyo nayo si haba. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko lenye ukubwa wa 7.0 liliipiga Haiti. Hata kwa makadirio ya chini kabisa walikufa makumi ya maelfu. Serikali ilitaja zaidi ya 200,000. Wiki chache baadaye, tarehe 27 Februari, Chile ilitikiswa na tetemeko la 8.8, lililotoa nguvu karibu mara 500 ya lile la Haiti. Waliokufa huko walikuwa kama 500. Ni kweli kwamba kitovu cha Haiti kilikuwa karibu na mji mkuu, lakini hilo pekee halielezi tofauti kubwa namna hiyo. Chile ilikuwa na kanuni kali za ujenzi zinazosimamiwa. Haiti watu waliangukiwa na zege bovu. Kabla ya kumuuliza Mungu, sehemu kubwa ya swali inawahusu waliojenga, waliokagua na waliowaacha maskini waishi walipoishi.

Lakini ardhi yenyewe ilitikisika, na hilo hakuna mtu aliyelifanya. Wanajiolojia watakuambia kwamba mwendo huohuo wa mabamba ya ganda la dunia ndio unaoinua milima na kurudisha kaboni hewani kupitia volkano, na wengi wao wanaona mwendo huo umechangia sana kuifanya dunia iwe mahali pa kuishi. Ni jambo la kweli na vijana walijue. Ila usilitumie kama jibu la mwisho, maana aliyemzika mwanawe hatulizwi na kipindi cha jiografia.

Wengi wetu hukimbilia Mwanzo 3, ardhi ililaaniwa kwa ajili ya Adamu. Hapo uwe mwangalifu, kwa sababu kijana wa aina hiyo atakuambia, na hatakosea, kwamba miamba inaonyesha matetemeko na vifo vya wanyama muda mrefu sana kabla ya mwanadamu. Wakristo tunatofautiana hapa. Wapo wanaosema anguko la malaika lilitangulia na kuuharibu uumbaji, wapo wanaosema Mungu aliumba dunia ambayo bado haijafikia ukamilifu wake. Mimi huegemea Warumi 8, ambako Paulo anasema viumbe vyote vinaugua na vina utungu pamoja hata sasa. Anasema viliwekwa chini ya ubatili, tena katika tumaini. Sababu kamili hatuambii. Tunachopewa ni kwamba dunia hii, kama ilivyo, Mungu hajaimaliza.

Kuhusu adhabu sitazunguka. Katika Luka 13 Yesu mwenyewe anataja mnara wa Siloamu, ulioangukia watu kumi na wanane. Je, walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu? Anakataa, kisha anawageuzia waulizaji: tubuni ninyi. Historia ya kanisa inaonyesha tulivyolisahau neno hilo. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ilipigwa na tetemeko watu wakiwa kwenye misa. Makanisa yakawaangukia waumini, moto ukawaka mjini, bahari ikapanda nchi kavu. Padri Gabriel Malagrida akachapisha kijitabu mwaka uliofuata akikanusha kwamba chanzo kilikuwa cha asili. Kwake ilikuwa ghadhabu juu ya dhambi za mji. Waliokuwa wamepiga magoti ndio walioangukiwa na paa, lakini jambo hilo halikumsumbua.

Sodoma na Nuhu je? Huko neno la Mungu lilitangulia tukio: Nuhu aliambiwa, Abrahamu aliambiwa. Anayesimama leo juu ya kifusi na kutangaza hukumu hana neno kama hilo. Anabahatisha, na anabahatisha kwa jina la Mungu.

Sasa huyo aliyefiwa. Msome Ayubu kabla hujaongea naye. Watoto kumi wa Ayubu waliuawa na upepo mkubwa kutoka jangwani ulioipiga nyumba pembe zote nne walipokuwa wakila. Ni janga la asili kabisa. Rafiki zake walipofika waliketi naye chini siku saba bila neno, na hadi hapo walifanya vyema. Walipofungua vinywa wakaanza kueleza sababu, na mwishoni Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyekuwa akilalamika. Ayubu mwenyewe hakupewa maelezo. Alikutana na Mungu katika upepo wa kisulisuli, na hadi leo sidhani kama kitabu kile kinataka tuone kwamba watoto waliozaliwa baadaye walifidia wale wa kwanza.

Kwa hiyo usimwambie kwamba Mungu alimhitaji mama yake zaidi, wala usimrushie Warumi 8:28, kwamba katika mambo yote Mungu huwapatia mema wampendao, kabla hajalia vya kutosha. Yesu alilia kaburini kwa Lazaro akijua fika atamfufua, na msalabani aliuliza "Mungu wangu, mbona umeniacha?" Akiwa anataka kuomba, mpe Zaburi ya 88, inayokwisha gizani bila neno la faraja. Ufufuo umhubirie, maana bila huo Mkristo hana la kusema makaburini, ila usiutumie kumfunga mdomo.

Jiandae pia kwa swali ambalo huenda hajalisema: majirani walionusurika wanashuhudia kwamba Mungu aliwaokoa kwa maombi, je, mama hakuomba? Mfungulie Matendo 12. Yakobo anauawa kwa upanga. Mistari michache mbele, Petro anatolewa gerezani na malaika. Luka, mwandishi wa Matendo, hasemi Petro alikuwa na imani zaidi. Aliyenusurika na ashukuru, ila asiifanye shukrani yake kuwa hukumu juu ya waliokufa.

Yule muulizaji wa kwanza mpe Ayubu 38 hadi 42 akasome nyumbani. Akirudi akisema hajaridhika, msimharakishe. Ayubu alibishana tangu sura ya 3 hadi ya 31.