Ukihama Kutoka Renjifainda Kwenda DSLR, Anza na Jicho

Kwa miaka 14 nilipiga picha kwa kamera ya renjifainda, ile ya filamu yenye kidirisha cha kutazamia kilicho kando ya lenzi, karibu zote kwa lenzi ya milimita 35, na sikuwa na nia ya kuiacha. Kilichonihamisha ni kazi: niliombwa kupiga picha za michezo ya kuigiza jukwaani, mahali ambapo mpiga picha huwekwa mbali na kukatazwa kusogea. Lenzi ndefu, yaani ya kuvuta mbali, kuliko zote niliyoweza kuifunga kwenye renjifainda yangu ilikuwa ya milimita 135, na mistari inayoonyesha fremu yake ndani ya kidirisha ni kijisanduku kidogo sana katikati, kiasi kwamba huwezi kujua kama mwigizaji anacheka au analia. Baada ya maonyesho mawili ya kubahatisha nilinunua DSLR, kamera ya kidijitali ambayo unatazama kupitia lenzi yake kwa msaada wa kioo, iliyokwisha kutumika pamoja na lenzi mbili, nikidhani nitahitaji wiki moja ya kuzoea vitufe. Vitufe nilivizoea kwa siku mbili. Jicho lilinichukua karibu mwaka mzima.

Nianze basi na hilo la jicho, kwa kuwa ndilo nililokuwa nalijua kidogo kuliko yote. Kwenye renjifainda huangalii kupitia lenzi. Unaangalia kupitia kidirisha kilicho pembeni, ambamo kila kitu huonekana wazi tangu karibu hadi mbali, na fremu ya picha ni mistari miangavu inayoelea juu ya mandhari. Nje ya mistari hiyo bado unamwona mtu anayekuja kabla hajaingia kwenye picha. Katikati kuna kiraka kidogo chenye taswira mbili, nawe unazungusha pete ya lenzi mpaka taswira hizo zilaliane na kuwa moja. Kwenye DSLR mwanga huingia kwa lenzi yenyewe, hugonga kioo kilichoinamishwa kwa nyuzi 45, hupanda hadi kwenye prizimu na kufika jichoni, kwa hiyo unachokiona kimekwisha kukatwa: hakuna nje ya fremu, na kilicho nyuma ya mhusika kimeyeyuka na kubaki rangi tupu. Mazoea yangu ya kumsubiri mtu aingie kwenye picha yalikufa siku ya kwanza. Dawa niliyoipata ni ya kawaida mno, nayo ni kuishusha kamera kila baada ya sekunde chache, kulitazama jukwaa kwa macho mawili, kisha kuipandisha tena nikiwa nimeshajua kinachokuja. Anayeigandisha kamera usoni kwa dakika tano mfululizo hupiga picha za mtu mmoja mmoja tu, bila uhusiano wowote kati yao.

Jambo la pili la jicho ni giza. Shata ya DSLR (pazia linaloruhusu mwanga kuingia) inapofyatuka, kioo huinuka ili kuupisha mwanga ufike kwenye sensa, sehemu inayonasa picha, na kwa kitambo hicho kidirisha huwa cheusi. Kwenye renjifainda nilizoea kuiona nukta ileile niliyoipiga. Mhusika akifumba macho, nilijua papo hapo na kupiga nyingine. Katika onyesho langu la tatu mwigizaji alirusha barua juu kwa hasira. Niliiona ile karatasi ikiwa kileleni kabisa, imekunjuka, mwanga wa jukwaa ukipenya ndani yake, nikabonyeza kwa furaha. Kwenye picha karatasi ilikuwa imeshafika kiunoni mwake na ameanza kugeuka. Kama nimeiona vizuri namna ile kwenye kidirisha, basi sikuipiga, maana niliyoipiga ilipita wakati wa giza. Nilijaribu kujitibu kwa kupiga mfululizo wa picha nane kwa kila tukio, nikarudi nyumbani na picha zaidi ya 900 na macho mekundu, na bado nafasi ilipotea katikati ya picha mbili. Kilichosaidia ni kubonyeza wakati mkono unapoanza kwenda, kabla haujafika.

Kuna upofu wa upande wa pili pia, na haki itendeke. Kwa sababu renjifainda haitazami kupitia lenzi, niliwahi kupiga filamu nzima ya picha 36 kifuniko kikiwa kimefunga lenzi, nikiwa nimeridhika kabisa na mpangilio wa kila fremu. DSLR haikuruhusu ujinga wa namna hiyo.

Kisha kuna kina cha fokasi, yaani eneo la mbele hadi nyuma linalotoka wazi kwenye picha, ambacho watu wa renjifainda tunakijua kwa namba kuliko kwa macho. Lenzi yangu ya milimita 35, ikiwekwa f/8 (namba ya tundu la mwanga; ikiwa ndogo, tundu ni pana) na umbali wa mita tatu, hushika vizuri kuanzia karibu mita mbili hadi mita saba hivi. Hayo yameandikwa kwenye pipa la lenzi, na mtu anaweza kutembea siku nzima bila kugusa pete. Lenzi nyingi za autofokasi, zinazojifokasi zenyewe, hazina tena jedwali hilo, au zina dogo lisilo na faida, na pete yake huzunguka kidogo tu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kwa hiyo kuweka fokasi kwa kukisia umbali ni kazi ngumu. Pamoja na hayo, DSLR huiacha lenzi wazi kabisa hadi sekunde ya kupiga, ili kidirisha kiwe na mwanga. Ukichagua f/8 bado unatazama picha ya f/1.8 au f/2.8, na mandharinyuma unayodhani yamefichika yatatokea yote. Tafuta kitufe cha kuonyesha kina cha fokasi, ambacho kwenye kamera nyingi kiko karibu na mdomo wa lenzi. Ukikibonyeza kidirisha kitafifia, lakini utaona ukweli.

Nikija kwenye autofokasi, hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipopoteza kazi nyingi zaidi. Kamera ikiachwa ijichagulie pointi ya fokasi, mara nyingi hushika kilicho karibu nayo zaidi, na jukwaani kilicho karibu ni kiti au kisogo cha mwigizaji wa pembeni. Nikabaki na pointi moja tu, ya katikati, kwa kuwa kwenye kamera nyingi ndiyo yenye hisia kali zaidi, na kwa miezi ya mwanzo niliifanya kuwa mbadala wa kile kiraka changu cha renjifainda: ninaiweka jichoni mwa mhusika, nafokasi, napanga upya fremu, napiga. Njia hiyo ina hatari yake ukiwa karibu sana na lenzi ikiwa wazi, kwani kuigeuza kamera hata kidogo kunausogeza mstari wa fokasi. Hapo ni bora kuihamisha pointi yenyewe.

Badiliko lililonirudishia utulivu wa zamani ni kuiondoa fokasi kwenye kitufe cha shata na kuihamishia kwenye kitufe cha nyuma, kinachobonyezwa kwa dole gumba. Kwa mtu aliyetoka kwenye renjifainda jambo hili lina maana maalumu, kwa sababu kwetu kufokasi na kupiga vimekuwa vitendo viwili siku zote, kimoja cha vidole vya mkono wa kushoto na kingine cha kidole cha shahada cha kulia. DSLR inapotoka dukani imeviunganisha vyote kwenye kitufe kimoja, hivyo kila unapopiga kamera inatafuta fokasi upya hata kama mhusika hajasogea. Ukivitenganisha, unafokasi mara moja, unaondoa dole, kisha unapiga mara kumi bila mashine kukuuliza tena.

Ukifanya hayo yote na bado macho ya wahusika yakawa na ukungu huku masikio yakionekana wazi, usijilaumu haraka kama nilivyojilaumu mimi. Fokasi ya DSLR hupimwa na sensa nyingine, iliyo chini ya kioo, wala si ile inayopiga picha, na njia hizo mbili za mwanga zikitofautiana kidogo kamera itafokasi mbele au nyuma ya inapolenga kila mara. Nilizisimamisha betri tano mezani kwa mstari wa mshazari, nikalenga ya tatu nikiwa na kamera kwenye tripodi, na mara zote iliyotoka vizuri ilikuwa ya nne. Kamera yangu ina sehemu ya marekebisho madogo ya fokasi kwa kila lenzi, na suala likaisha kwa robo saa. Kamera nyingi za bei ya chini hazina marekebisho hayo, basi jaribu lenzi na kamera pamoja kabla hujalipa. Wala usitegemee kufokasi kwa mkono ukiwa na lenzi ya f/1.4, kwani kioo cha kidirisha cha kisasa hakionyeshi kina chembamba kuliko takriban f/2.8, na kinachoonekana wazi huenda kina ukungu. Kwa kazi hiyo tumia skrini ya nyuma na ukuze picha.

Wengi hutaka kujua kama lenzi zao za zamani zitafaa kwenye kamera mpya. Hazitafaa, na sababu ni umbali. Mlango (mahali lenzi inapofungwa kwenye kamera) wa lenzi za Leica M, ambazo ni za renjifainda, ulioanza na M3 mwaka 1954, uko milimita 27.8 kutoka kwenye filamu. Wa Nikon F, ulioanza mwaka 1959, uko milimita 46.5, na wa Canon EF, wa mwaka 1987, uko milimita 44, kwa sababu kioo kinahitaji nafasi ya kuinuka. Lenzi ya M ya milimita 50 ikifungwa kwenye mlango wa Nikon F ingekuwa imesogezwa mbele kwa karibu milimita 19, na ingeona vizuri vitu vilivyo sentimita 18 hivi mbele yake, basi. Hesabu ya kuhama ni lazima ijumuishe lenzi mpya tangu mwanzo.

Ushauri wangu juu ya lenzi hizo ni kununua chache. Chukua moja yenye mtazamo uleule uliouzoea, ili ubadilishe kitu kimoja kwa wakati, na nyingine ya kazi iliyokuhamisha. Angalia ukubwa wa sensa: kwenye sensa ndogo za Nikon na Canon, milimita 35 huona kama 52 au 56, hivyo anayetaka mtazamo wake wa 35 atafute lenzi ya 23 au 24. Pia pima uzito mkononi. Mimi nilitoka kwenye kamera na lenzi visivyofika gramu 900, na zumu moja ya 24 hadi 70 yenye f/2.8 ina uzito unaokaribia huo peke yake, kabla hujaifunga kwenye kamera. Bega litakueleza mengine.

Kuhusu mwanga, geuza mazoea yako juu chini. Filamu ya negativu huvumilia mwanga wa ziada, kwa hiyo tulipima vivuli na kuacha sehemu nyeupe zijitafutie njia. Sensa hufanya kinyume: kivuli kilicho giza unaweza kukiinua baadaye ukipiga kwa RAW (faili ghafi la sensa), lakini nyeupe iliyoungua haina chochote ndani yake. Onyesho langu la kwanza kwa DSLR lina nyuso nne zilizogeuka kuwa karatasi nyeupe chini ya taa, na hakuna programu iliyoweza kuziokoa. Washa onyo linalowaka na kuzima kwenye sehemu zilizoungua, liangalie mara moja mwanga unapobadilika, halafu iache skrini; nilipokuwa naikagua baada ya kila picha nilikuwa naangalia yaliyopita wakati mchezo unaendelea.

Kwa anayehama leo lipo swali la kamera zisizo na kioo. Tangu Nikon na Canon walipoleta milango yao ya Z na RF mwaka 2018, yenye umbali wa milimita 16 na 20, lenzi za M zinaweza kufungwa kwa adapta na kufokasi hadi vitu vya mbali kabisa, na giza la kioo halipo. Kama una mkoba uliojaa lenzi unazozipenda, ningekushauri uanzie huko. Mimi nimebaki na DSLR kwa kuwa iliyotumika inapatikana kwa bei ya chini, betri yake inavumilia onyesho zima, na jukwaani napenda kuona kwa mwanga wenyewe kuliko kwa skrini ndogo.

Renjifainda sikuiuza katika mwaka wa kwanza, na ninafurahi, kwa sababu katika miezi mitatu ya mwanzo ningeiuza kwa tamaa na katika mitatu iliyofuata ningeinunua tena kwa hasara. Niliuza lenzi ya 135 na ya 90, ambazo DSLR imechukua kazi zake zote. Ya 35 bado iko kwenye kamera yake, na kifuniko chake nimekitupa.